Mkuki kwa nguruwe: namna ya kusoma adhabu za wabunge wa Marekani

Tarehe 4 Februari 2021 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura 230 kwa 199 kumvua Mrepublican Marjorie Taylor Greene nafasi zake katika kamati mbili, ya elimu na kazi na ile ya bajeti, kwa sababu ya mambo aliyoyaandika na kuyaunga mkono mitandaoni kabla hajachaguliwa. Tarehe 2 Februari 2023 baraza hilohilo, sasa likiwa mikononi mwa chama kingine, lilipiga kura 218 kwa 211 kumtoa Mdemokrat Ilhan Omar katika kamati ya mambo ya nje. Muulize Mdemokrat, atakwambia la kwanza lilikuwa uwajibikaji na la pili kisasi. Muulize Mrepublican, atakujibu kwamba mlango mliuvunja wenyewe, sasa mnalalamikia upepo.

Ubishi huo hauishi kwa sababu unahusu nia, na nia ya mtu haina mizani. Kura zinahesabika. Azimio la kumwadhibu mbunge linapopita, mimi huacha kwanza maneno makali yaliyomo na kutafuta wangapi wa chama cha mshtakiwa waliovuka wakapiga kura dhidi yake. Kwa Greene walivuka Warepublican 11 kati ya 210 waliopiga kura. Kwa Omar hakuvuka Mdemokrat hata mmoja. Kumi na mmoja si wengi, lakini si sifuri.

Katiba yenyewe inasema machache mno juu ya jambo hili. Ibara ya 1, kifungu cha 5: kila baraza hujitungia kanuni zake, laweza kuwaadhibu wajumbe wake kwa utovu wa nidhamu, na kwa ridhaa ya theluthi mbili laweza kumfukuza mjumbe. Basi. Karipio rasmi halikutajwa. Kuvuliwa kamati hakukutajwa. Hivyo vimetokana na kanuni na mazoea, na hupita kwa wingi wa kawaida: ukipata nusu ya kura na moja juu yake, umeshinda. Tofauti hiyo ya kiwango cha kura ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Tuanze na kufukuzwa. Tangu 1789 Baraza la Wawakilishi limewafukuza watu 6 tu. Watatu walifukuzwa mwaka 1861 kwa kujiunga na majimbo yaliyoasi. Michael Myers alifukuzwa 1980 baada ya kutiwa hatiani kwa rushwa, na James Traficant 2002, naye akiwa ameshatiwa hatiani, kwa kura 420 dhidi ya 1. Wa sita ni George Santos, na kesi yake ni somo zuri kuliko zote kwa sababu ilihitaji majaribio kadhaa kabla ya kufaulu.

Mei 2023 azimio la kumfukuza lilipelekwa kwenye kamati ya maadili badala ya kupigiwa kura. Tarehe 1 Novemba lilirudi barazani likaanguka, 179 kwa 213. Waliolizuia hawakuwa Warepublican peke yao: Wademokrat 31 walikataa pia, kwa hoja kwamba mtu hajatiwa hatiani na kamati haijatoa ripoti, na kumfukuza kwa tuhuma tupu ni kutengeneza silaha ambayo kesho itageuzwa. Tarehe 16 Novemba ripoti ya kamati ikatoka, ikieleza kwa kina jinsi fedha za kampeni zilivyoishia kwenye matumizi yake binafsi. Aliyewasilisha azimio jipya la kumfukuza alikuwa mwenyekiti wa kamati hiyo mwenyewe, Michael Guest, Mrepublican mwenzake. Tarehe 1 Desemba kura zikawa 311 kwa 114. Zikigawanywa kwa theluthi, zilihitajika 284. Warepublican 105 walivuka, ingawa spika wao alipiga kura ya kupinga, na ingawa chama kilikuwa na wingi mwembamba mno usioweza kupoteza viti ovyo. Februari iliyofuata Mdemokrat Tom Suozzi akakichukua kiti hicho.

Kilichobadilika ndani ya mwezi mmoja ni karatasi, tena karatasi ya aina fulani. Kamati ya maadili ina wajumbe 10, watano kwa kila chama, hata pale chama kimoja kinapolitawala baraza zima. Haiwezi kumtia mtu lawama bila angalau kura moja kutoka ng'ambo. Ni ya polepole, ya siri, inakera wanahabari, na mbunge akijiuzulu mamlaka ya kamati juu yake hukoma, ndiyo maana Mrepublican Matt Gaetz alipojiuzulu Novemba 2024 kukazuka mvutano kama ripoti yake itolewe au ifungiwe kabatini. (Ilitolewa Desemba.) Pamoja na kasoro hizo zote, ripoti inayotoka kwenye kamati ya nusu kwa nusu humpa mbunge wa chama cha mshtakiwa kitu cha kuwaonyesha wapiga kura wake nyumbani. Bila kitu hicho, anayevuka anavuka mikono mitupu.

Sasa karipio. Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mbunge yeyote anaweza kuandika azimio la kumkaripia mwenzake na kulitangaza kuwa linahusu heshima ya baraza. Akishafanya hivyo, spika hana uwezo wa kulikalia: ni lazima lishughulikiwe ndani ya siku mbili za vikao. Likifika, njia ni tatu. La kwanza ni kuliweka mezani, na msomaji aliyezoea mabunge ambako "kuweka mezani" maana yake ni kuwasilisha hati ajihadhari hapa, kwa maana Marekani kuliweka azimio mezani ni kulizika. La pili ni kulipeleka kwenye kamati ya maadili, yaani kulizika kwa adabu. La tatu ni kulipigia kura. Yote matatu huamuliwa kwa wingi wa kawaida. Likipita, mshtakiwa husimama mbele ya baraza, spika anamsomea, kisha kila mtu anarudi kazini. Hapunguziwi mshahara, hapotezi kura yake, hata ofisi habadilishiwi.

Adhabu isiyouma haiogopwi, na isiyoogopwa huwa rahisi kutumika. Tangu 1983, walipokaripiwa wabunge wawili, hadi 2021 ilikuwa moja tu: Charles Rangel, Desemba 2010, kura 333 kwa 79, baada ya kamati ya maadili kumaliza kazi yake. Kisha mvua ikaanza. Paul Gosar, Novemba 2021, 223 kwa 207. Adam Schiff, Juni 2023, 213 kwa 209. Rashida Tlaib, Novemba 2023, 234 kwa 188. Jamaal Bowman, Desemba 2023, 214 kwa 191. Al Green, Machi 2025, 224 kwa 198. Miaka isiyofika minne, makaripio matano: Gosar ni Mrepublican, wengine wote Wademokrat.

La Schiff linafaa kuangaliwa kwa karibu. Azimio la kwanza dhidi yake lilikuwa na kipengele cha kutaka atozwe faini ya dola milioni 16. Warepublican 20 walikataa, likawekwa mezani. Wiki moja baadaye likarudi bila faini, likapita. Meno yaling'olewa ndipo likamezeka. Schiff naye alilitumia karipio hilo kuchangisha fedha za kampeni, na Novemba 2024 wapiga kura wa California wakampeleka Seneti. Mleta azimio alipata video yake ya kuwatumia wafuasi, aliyekaripiwa akapata ya kwake.

Lakini hesabu ya waliovuka ina mipaka yake. Kwa Tlaib walivuka Wademokrat 22. Je, hiyo ina maana ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito mara mbili ya ule dhidi ya Greene? Hapana. Alikaripiwa kwa kauli zake kuhusu Israeli na Wapalestina, mwezi mmoja baada ya mashambulizi ya Hamas ya 7 Oktoba, na chama chake kilikuwa kimeshagawanyika juu ya suala lenyewe kabla jina lake halijatajwa. Kuvuka mstari kunaweza kutokana na ushahidi, au kukatokana na majimbo ambayo wabunge hao wanatoka. Kwa hiyo baada ya kuhesabu waliovuka, tazama kama kuna ripoti nyuma yao. Kwa Rangel na Santos ilikuwepo. Kwa Tlaib haikuwepo. Kwa Gosar pia haikuwepo, ila kwake hapakuwa na cha kuchunguza: alikuwa ameweka hadharani video ya katuni inayomwonyesha akimuua mbunge mwenzake, Alexandria Ocasio-Cortez. Warepublican waliounga mkono azimio hilo walikuwa wawili tu, Liz Cheney na Adam Kinzinger.

Theluthi mbili nayo haina uchawi. Inalinda pale tu ambapo hakuna chama kinachozimiliki peke yake. Katika bunge la jimbo la Tennessee, Warepublican walikuwa na viti 75 kati ya 99, na kumfukuza mtu kulihitaji 66. Aprili 2023 waliwafukuza Wademokrat wawili, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kuongoza kelele za kudai sheria za bunduki ndani ya ukumbi. Mwenzao wa tatu, Gloria Johnson, aliponea kwa kura moja: zilipatikana 65. Ndani ya wiki moja mabaraza ya maeneo yao yalikuwa yameshawarudisha wote wawili, na Agosti wakashinda uchaguzi mdogo. Kumfukuza mtu ambaye wapiga kura wake bado wanamtaka ni kumlipia matangazo.

Njia inayofanya kazi kimyakimya ni chama kumshughulikia mtu wake chenyewe. Januari 2019 Steve King wa Iowa aliuliza katika mahojiano ni vipi maneno kama ukuu wa weupe, yaani imani kwamba Wazungu ni bora kuliko wengine, yalianza kuonekana ya matusi. Viongozi wa chama chake hawakusubiri Wademokrat. Walimnyima kamati zote. Azimio la kulaani kauli hiyo lilipita 424 kwa 1, na huyo mmoja alikuwa Mdemokrat Bobby Rush, aliyeona ni jepesi mno. Mwaka 2020 King akaangushwa kwenye kura za mchujo na Mrepublican mwenzake. Hakuna aliyeweza kusema ni kisasi cha upande wa pili.

Kwa nini basi haikuwa hivyo kwa Greene miaka miwili baadaye? Jibu liko kwenye kura za mchujo zilezile. Warepublican 10 walipiga kura ya kumshtaki Donald Trump tarehe 13 Januari 2021. Wanne hawakugombea tena, wanne waliangushwa kwenye mchujo, wakabaki wawili, David Valadao na Dan Newhouse. Mbunge anayesoma hesabu hiyo haogopi chama pinzani, anaogopa nyumbani kwake. Tazama pia kura zilizopigwa juu ya Cheney, mmoja wa hao kumi. Tarehe 3 Februari 2021, kwa kura ya siri, Warepublican walimbakiza katika uongozi, 145 kwa 61. Mei wakamtoa kwa kura ya sauti. Swali la kama kura ni ya siri, ya sauti au ya majina linapaswa kuulizwa kabla ya kusoma matokeo, maana watu walewale hutoa majibu tofauti.

Wapo wanaodhani jawabu ni kuwazuia wenye siasa kali wasiingie kabisa. Lilishajaribiwa. Mwaka 1919 baraza lilikataa kumwapisha Victor Berger, msoshalisti wa Milwaukee aliyehukumiwa kwa kupinga vita. Jimbo likampigia kura tena, wakamkataa tena. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ikafuta hukumu yake, akachaguliwa tena 1922, akaapishwa. Tangu kesi ya Powell dhidi ya McCormack, 1969, baraza haliwezi kumkataa mtu aliyechaguliwa ikiwa ametimiza masharti ya Katiba: umri wa miaka 25, uraia wa miaka 7, na kuishi katika jimbo. Kifungu cha 3 cha Marekebisho ya 14, kinachowazuia walioapa kuilinda Katiba kisha wakaasi, bado kipo, ila Machi 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba majimbo hayawezi kukitumia dhidi ya wagombea wa nafasi za kitaifa bila Bunge kutunga sheria.

Septemba 2025 Omar aliletewa azimio jingine la karipio. Liliwekwa mezani kwa kura 214 kwa 213, Warepublican wanne wakiwa upande wa kuzika. Baada ya mfululizo wa maazimio kama hayo, likaja pendekezo la wabunge wa vyama vyote viwili kwamba karipio lihitaji asilimia 60 ya kura. Chukua kalamu upige hesabu kwa makaripio sita ya tangu 2010. Schiff alipata asilimia 50 na kidogo, Bowman na Green karibu 53, Tlaib 55. Wote wangepona. Rangel, mwenye ripoti ya kamati na asilimia 81, angekaripiwa vilevile. Gosar, mwenye video ya kumuua mwenzake, alipata 52. Naye angepona.