Tezi dume ilisingiziwa

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, wananiita Rubani. Mama Salma ndiye aliyetoboa siri kwamba mzee analala na barakoa puani na mpira wa hewa hadi kwenye mashine. Waache wacheke, nusu yao wanakoroma kunishinda.

Kilichonipeleka hospitali ni mkojo wa usiku. Mzee akiamka kila mara kwenda chooni, baraza zima linajua jibu: tezi dume. Nikapimwa, tezi haina neno. Daktari akamgeukia mke wangu: "Mama, mzee anakoroma?"

"Kukoroma nimezoea, daktari. Naogopa akinyamaza."

Hapo ndipo penyewe: ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, kwa Kiingereza sleep apnea. Usingizini misuli ya koo hulegea, njia ya hewa ikaziba. Kifua kinavuta, hewa haiingii, oksijeni inashuka, mpaka ubongo unakushtua uvute pumzi kwa kishindo. Asubuhi hukumbuki kitu. Lakini moyo umeshiriki kila tukio: kule kuvuta bure kunautanua, nao ukitanuka hutoa homoni inayoiambia figo itengeneze mkojo zaidi. Ndiyo safari zangu za chooni hizo! Na presha, ambayo kwa kawaida hushuka mtu akilala, kwangu ilikuwa haipumziki. Nilikuwa nameza dawa tatu za presha na bado iko juu.

Nililala nyumbani na kipimo, kidude kidoleni na mkanda kifuani. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi inahesabiwa. Kuanzia mara 30 kwa saa ni hali kali, na mimi nilikuwemo humo.

Mashine ya kutibu hali hiyo, iitwayo CPAP, aliileta mpwa wangu anayefanya kazi Maskati. Haiongezi oksijeni, kama wengi wanavyodhani. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani ili koo lisijifunge. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Mpwa aliileta pamoja na ahadi: "Mjomba, sasa kiharusi na mshtuko wa moyo basi tena."

Nimefundisha hisabati maisha yangu yote, ahadi ya namna hiyo siipokei bila hesabu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao SAVE. Watu zaidi ya 2,700, wenye umri wa miaka 45 hadi 75, ambao tayari walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo au ya ubongo. Nusu walipewa mashine, nusu hawakupewa. Baada ya miaka zaidi ya mitatu kwa wastani, mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kwa waliopewa. Ila walivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Waliofikisha saa nne walionekana kupata viharusi vichache, lakini hapo nami natia alama ya kuuliza: anayetii mashine huenda ndiye huyo huyo anayetii na vidonge.

Kilichopungua bila ubishi ni kukoroma na kusinzia mchana. Presha nayo hushuka, kwa wastani milimita mbili tatu hivi kwenye kipimo cha presha. Si haba, ila haitoshi kutupa dawa. Kwa hiyo vidonge vyangu nameza vilevile, na mpwa nimemweleza hivyo. Mashine navaa kwa sababu sasa nasoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho bila kusinzia, na chooni siendi kama zamani.

Uzeeni ina visa vyake. Nikivua meno ya bandia mashavu yanabonyea, barakoa ya mwanzo ikawa inavujisha hewa machoni; nikabadilishiwa ya puani tu. Umeme ukikatika, nalala ubavu, maana chali ndiyo koo huziba zaidi.

Akina mama wenye waume kama mimi: akianza kunyamaza katikati ya kukoroma, mrekodini kwa simu. Nendeni nayo kwa daktari, maana mwenyewe atakana.