Mia nane ya konda

Mwaka 2018 nilikuwa na Darasa la Nne katika shule moja ya serikali upande wa Mtoni, Temeke, Dar es Salaam. Nilipewa Hisabati na, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka, Uraia na Maadili. Wenzangu waliliona somo jepesi: unajaza ubao, watoto wanakopi, Novemba ikifika wanachagua jibu kwenye upimaji wa kitaifa, basi. Muhtasari wenyewe siwezi kuusema vibaya. Kuheshimu jamii, kuithamini jamii, kuwa mwajibikaji, kuwa mstahimilivu, kuwa mwadilifu, kudumisha amani. Sisi tuliosoma enzi za somo la Siasa, tukikariri ahadi ya chama, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko" tumesimama wima kwenye vumbi la paredi, hatukuona kipya hapo zaidi ya jalada la kitabu.

Siku hiyo tulikuwa kwenye kuwa mwadilifu. Darasa lilifurika. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto waliongezeka kuliko madawati, na hata yale yaliyoletwa na kampeni ya mwaka huohuo hayakutosha, kwa hiyo walibanana wanne wanne na wengine walikaa chini karibu na miguu yangu. Nikauliza swali ambalo kila mwalimu wa somo hilo alikuwa akiuliza: ukiokota pesa utafanya nini?

"Nitapeleka kwa mwalimuuu!"

Darasa zima, kwa sauti moja. Tangu nianze kazi nimeletewa kalamu za risasi zilizovunjika ncha, vifutio, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Pesa sijaletewa, ingawa barafu pale getini zinanunuliwa mpaka zinaisha. Nikageuka kuandika ubaoni, nikasikia sauti kutoka dirishani.

"Mwalimu, na kama hujaokota? Kama umepewa?"

Alikuwa kijana mwembamba, msikivu, mmoja wa wale ambao mwalimu husahau sauti zao. Kwao walikuwa wamehamia ndani huko kupita Mbagala Rangi Tatu, lakini hawakumhamisha shule, hivyo kila asubuhi alipanda daladala za Kariakoo. Aliyewahi kusimama Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi anajua maana yake. Watu wazima wenye mikoba na tai waliingilia madirishani. Wakati huo mwanafunzi aliyelipa mia mbili alichukua nafasi ya kusimama ya mtu wa mia nne, na konda aliijua hesabu hiyo kuliko mimi mwenye chaki. Ndiyo maana aliziba mlango kwa mkono na kupiga kelele, "Denti mmoja tu! Denti mmoja!", huku wamesimama kumi na tano.

Nikamwambia asimame aeleze. Asubuhi ya jana yake alipenya. Mama yake hakuwa na pesa ndogo, akampa noti ya elfu moja. Konda akapokea, akampa mia nane. Walipofika Kizuiani watu wakapanda tena, wakabanana tena, na konda katika kugawa chenji akamshika mkono, akamtia mia nane nyingine.

"Alikuuliza kama ameshakupa?"

"Hakuniuliza, mwalimu."

"Na wewe?"

"Nilinyamaza."

Sikupata nafasi ya kusema neno. "Kula hiyo!" akapaza mmoja kutoka nyuma, na darasa likalipuka.

Hoja walizotoa watoto wale wa miaka tisa na kumi siwezi kuzisahau. Mmoja alishushwa Misheni mvua ikinyesha kwa sababu wamepanda watu wazima. Mwingine alivutwa begi mpaka mkanda ukakatika, na begi lilikuwa la dada yake. Kuna aliyesema konda humwambia "dogo, jiweke kando" kila siku, kwa hiyo hiyo mia nane ni ya kujiweka kando. Msichana mmoja wa mbele, hodari wa hesabu, alitaka tupige jumla: siku alizowaacha kituoni, mara nauli, halafu tuone nani anamdai nani. Nilivutiwa naye sana, hata kama nilitakiwa kuvutiwa na uadilifu. Kijana wa madrasa akasema haki ya mtu haipotei, utaikuta mbele. Akajibiwa papo hapo kwamba na haki za wanafunzi konda atazikuta hukohuko mbele, tena nyingi.

Kitabu hakikuwa na sura ya kujibu hayo. Kitabu kilikuwa na mtoto aliyevaa sare safi anayemrudishia bibi pochi yake iliyoanguka, na bibi anatabasamu. Kumrudishia bibi anayetabasamu hakumshindi mtu. Kazi ni kuwa mwadilifu kwa mtu anayekusukuma mlangoni kila asubuhi.

Katikati ya kelele nikaona mkono umenyooshwa karibu na ukuta, haupungwi kama mingine. Nikampa ruhusa. Akasimama taratibu.

"Baba yangu ni konda. Njia hiyohiyo."

Darasa likanyamaza, kisha mtani mmoja akasema, "Ndo maana una hela ya barafu kila siku!" Wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia aendelee kama anataka, naye akaeleza kwa lugha ya nyumbani kwao. Gari si la baba, ni la tajiri. Jioni tajiri anataka hesabu yake, iwe kumenyesha, iwe kuna foleni. Kuna mafuta. Kuna na "ya njiani", ambayo hakuifafanua, nami sikumwuliza. Kinachobaki ndicho baba yake na dereva wanagawana.

"Ikipungua je?" akauliza yule wa hesabu.

"Baba anajazia. Siku hiyo akirudi, mama hamuulizi kitu."

Hapo hata wale wa nyuma waliacha kugongana viwiko. Sidhani kama walimpenda konda ghafla. Mkanda wa begi ulikuwa bado umekatika. Ila ile mia nane ilikuwa imepata mwenyewe, mwenye mtoto anayekaa nao dawati moja. Wakaacha kubishana kama irudishwe, wakaanza kubishana itarudishwaje, na sikuwa nimewaambia kitu.

Gari lenyewe halikuwa tatizo. Watoto wa Dar hawasomi namba za magari, wanasoma maandishi ya vioo vya nyuma. "Lile la Mchumia Juani," kijana wa dirishani akasema, na nusu ya darasa ikaitikia kwamba inalijua. Binti wa konda naye akalijua: asubuhi lina deiwaka, kijana wa kushikilia tu, baba yake anamfahamu vizuri na jioni wanakutana stendi. Yeye ataipeleka.

"Nikikupa wewe utaila njiani," akasema kijana wa dirishani.

Nilitaka kumkanya, nikaona ni swali la haki. Wakashauriana wenyewe: pesa ifungwe kwenye karatasi ya daftari, iandikwe kiasi, na rafiki yake mmoja ashuhudie ikifungwa. Wakapanga mpaka nani ataleta gundi. Wakati huo wote kijana mwenyewe alikuwa ameanza kutazama chini. Nilipomwambia basi kesho aje nayo, akaitikia "Ndiyo mwalimu" kwa sauti iliyonifanya nimtazame mara mbili.

Kesho yake nilimkuta mama yake ananisubiri chini ya mwarobaini, kando ya ofisi ya walimu. Alikuwa muuza vitumbua, bado ana harufu ya iliki na moshi, na ilikuwa saa ambayo muuza vitumbua hatakiwi kuwa mbali na meza yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

Hakukaa. Akafungua pindo la khanga, akanipa sarafu ya mia tano na sarafu tatu za mia mia.

"Hii hapa. Mwanangu tangu jana jioni hajala. Anasema tumekula hela ya watu."

"Kwani mlikula, mama?"

"Tulikula. Alinirudishia chenji nikaona imezidi, nikamwuliza, akanieleza. Nikamwambia Mungu ametupa. Nikatoa dagaa na mafuta ya kupima. Jana ananiambia mwalimu wake kasema Mungu hatoi kwa mkono wa konda."

Sikuwa nimesema hivyo, ila nilitamani ningekuwa nimesema. Kumbe wakati darasa linapanga gundi na shahidi, mia nane yenyewe ilikuwa imeshaliwa na ugali, na yeye amekaa pale anajua.

Nikamwuliza, bila ubaya, mteja akimzidishia kwenye vitumbua hufanyaje. Akanijibu haraka, "Namwita. Yule mteja, kesho atakuja tena." Akafikiri kidogo. "Konda humwiti. Unamwita anaondoka na mlango wazi." Tukacheka wote wawili, na cheko lile ndilo lililompa nguvu ya kusema alichokuja kusema.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana. Lakini gari zikimwacha mtoto mpaka saa mbili na nusu, akifika hapa anachapwa. Konda kamwacha, mwalimu kamchapa. Halafu ni yeye wa kumrudishia konda mia nane. Sawa, arudishe, na hela nimeleta. Na nyie mtamrudishia nini?"

Upande wa pili wa ua, mwalimu wa zamu alikuwa na foleni yake ya wachelewaji waliopiga magoti. Mama aliwatazama, akanitazama. Mwanawe siku hiyo hakuwamo kwa sababu alikuja naye, na konda hakuwa akimzuia mtoto aliyeshikwa mkono na mtu wa mia nne.

Kwa karatasi, jibu lipo. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, zitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na ziwe za makosa mazito. Katika shule nyingi nilizopita, asubuhi getini hakuna anayekumbuka maandishi. Na hata kanuni ingefuatwa neno kwa neno, isingemjibu mama yule. Tunamtaka mtoto awe mwadilifu kwa watu wazima ambao hakuna anayewataka wawe waadilifu kwake, kisha tunashangaa akijibu vizuri kwenye karatasi na vibaya kwenye daladala. Nilimwambia tu, "Mama, hilo la fimbo nitalifikisha. La konda siliwezi." Akasema bora nimemjibu nusu kuliko kumpa hotuba, akaaga, akawahi vitumbua vyake.

Nililifikisha siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akaagiza watoto wanaotoka Rangi Tatu na kuendelea waandikwe majina wakichelewa, wasichapwe. Agizo lilishika mpaka likizo. Muhula uliofuata zamu zilibadilika, likasahaulika, nikalikumbusha, likashika tena kidogo. Ndivyo lilivyoendelea kwa muda wote niliokuwa pale, na sina la kuongeza.

Darasani nilimpa kijana sarafu zake bila kueleza zimetoka wapi. Hakuuliza. Zikafungwa kwenye karatasi yenye mistari, gundi ikatumika nyingi kupita kiasi, na juu yake mtu akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mia 8, ya Mchumia Juani." Binti wa konda akaitia kwenye soksi. Siku nzima alipita akiulizwa kama bado ipo, naye kila mara aliinama kuipapasa.

Majibu yalikuja baada ya siku kadhaa, kwa sababu deiwaka hashiki gari kila siku. Ilikuwa kipindi cha Hisabati. Nilikuwa nimeandika "Sehemu" ubaoni na kuchora duara nililokusudia kuligawa, binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ameipata."

"Akasemaje?"

"Kwanza alicheka. Akasema hakumbuki, abiria wote kwake sura moja. Lakini akaichukua, akasema hela haikataliwi."

Darasa likaguna. Nadhani walitegemea neno kubwa zaidi. Kijana wa dirishani akauliza kama aliambiwa ni nani aliyerudisha. Ndiyo, aliambiwa ni denti wa Rangi Tatu, mwembamba. Naye akasema wembamba wako wengi.

"Basi?"

Binti akasita. Akatazama dawati.

"Halafu akanipa mia mbili. Akasema ya barafu."

"Iko wapi?" yule wa hesabu akauliza, kabla yangu.

"Nilinunua barafu."

Kijana wa dirishani, yule ambaye kabla ya mkasa huu mwezi ulipita sijasikia sauti yake, alisimama bila kunyoosha mkono. "Mwalimu, ile mia mbili ilikuwa ya mama yangu!"

"Haikuwa ya mama yako, ilikuwa ya konda! Kanipa mwenyewe, na mimi ndiye niliyeipeleka!"

"Umelipwa kwa hela yetu!"

"Kwani kuna aliyekuzuia kupeleka wewe?"

Kijana wa madrasa akasema hiyo ni zawadi na zawadi ni halali. Mwingine akasema konda hawezi kutoa zawadi kwenye hesabu ya tajiri. Yule wa hesabu alishaanza kuandika kwenye daftari, mia nane kutoa mia mbili, akauliza kwa nguvu: kama konda amebaki na mia sita, je, amerudishiwa yote au hajarudishiwa? Mikono ilikuwa imejaa hewani mpaka sioni ukuta wa nyuma. Nikafuta "Sehemu" na duara lake, nikaweka chaki mezani, nikamwambia aliyenyoosha wa kwanza asimame, na wengine wangoje zamu.