Mughal-e-Azam: ugomvi wa baba na mwana katika ukumbi wa vioo

Ukiondoa farasi, ngamia na majeshi, filamu ya Kihindi Mughal-e-Azam ni ugomvi wa nyumba moja. Baba hataki mwanawe amwoe mjakazi, mama amekwama katikati, na mjakazi ndiye anayelipa gharama. Ila nyumba yenyewe ni ikulu ya Akbar, mfalme wa dola ya Mughal nchini India.

Kisa kilitoka jukwaani. Imtiaz Ali Taj wa Lahore aliandika tamthilia ya Anarkali, jina la mjakazi huyo, mwaka 1922. Mwongozaji K. Asif alianza kuitengenezea filamu katikati ya miaka ya 1940, na watu wakaja kuiona katika sinema ya Maratha Mandir, Mumbai, tarehe 5 Agosti 1960. India ilipogawanywa, mfadhili wa kwanza alihamia Pakistan. Mwaka 1949 akafariki Chandra Mohan, aliyekuwa ndiye Akbar. Asif akaanza upya na Prithviraj Kapoor kama Akbar, Dilip Kumar, na Madhubala kama Anarkali, kwa fedha za Shapoorji Pallonji, watu wa ukandarasi wa majengo.

Jukwaa halikufutwa, na sioni kama hilo ni kasoro. Sikiliza watu wanavyozungumza: mmoja anamaliza maneno yake yote, ndipo mwenzake anajibu, na kamera inawangoja. Aliyezoea filamu za mbio atachoka nusu saa ya kwanza. Avumilie. Prithviraj alikuwa na kundi lake la maigizo, Prithvi Theatres, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kusikika hadi kiti cha mwisho. Dilip Kumar, aliyecheza mwanamfalme Salim, anashusha sauti yake mpaka inakuwa karibu mnong'ono. Ugomvi wao wote umo humo: baba anaongea na mwanawe kama anahutubia baraza, mwana anamjibu kama wako sebuleni.

Tuje kwenye vioo. Katika tamthilia, kioo ni mtego. Mjakazi mwenye wivu, Dilaram, anapanga mambo ili Akbar aone kiooni jinsi Salim na Anarkali wanavyopeana ishara wakati wa ngoma. Kwa jukwaa hilo linatosha: mfalme ageuze uso, basi, siri imefichuka. Asif aliligeuza jambo hili juu chini. Mwenye wivu bado yupo, sasa anaitwa Bahar, lakini vioo vimehamia upande wa Anarkali. Anamwimbia mfalme mbele ya watu wote kwamba aliyependa hana cha kuogopa. Akbar akiinua macho darini, kila kipande cha kioo kina Anarkali anayezunguka. Hana tena pa kutazama.

Kuipata picha hiyo ilikuwa shughuli. Seti ilijengwa Mohan Studios kwa kuiga Sheesh Mahal, jumba la vioo la ngome ya Lahore: urefu futi 150, upana futi 80, kimo futi 35. Kioo kilitoka Ubelgiji, na waliokifanyia kazi walikuwa mafundi wa Firozabad, mji wa India unaojulikana kwa kazi za kioo. Ujenzi ulichukua miaka 2 na kula zaidi ya rupia milioni 1.5. Enzi hizo, kwa pesa hizo ungetengeneza filamu nzima na chenji ikabaki.

Kisha taa zikawashwa, na tatizo likaonekana. Ukuta uliopakwa rangi hutawanya mwanga. Kioo huurudisha mzima. Taa yoyote iliyoelekea vioo ilirudi kwenye lenzi kama cheche, na kwa kuwa vipande vilikuwa vingi na kila kimoja kina pembe yake, kukwepa haikuwezekana. Kupunguza taa nako hakukufaa, maana wimbo ulipigwa kwa rangi, na mikanda ya rangi ya wakati ule ilitaka mwanga mwingi sana. Wataalamu wa nje, akiwemo mwongozaji Mwingereza David Lean, walimshauri Asif aachane na wazo hilo.

Dawa ilikuwa mbili kwa pamoja. Kwanza, vioo vyote vilipakwa nta, tabaka jembamba tu. Nta ikizidi, kioo kinaingia ukungu na sura ya mchezaji inapotea. Ikipungua, mng'ao unarudi palepale. Pili, mpiga picha R. D. Mathur alitandaza vipande vya kitambaa mahali maalumu, akaupiga mwanga juu yake ili ufike kwenye seti ukiwa umeshalainika. Inasemwa shoti moja iliweza kumla hadi saa 8 za kupanga taa. Mwangwi wa sauti ya Lata Mangeshkar, aliyeuimba wimbo huo, nao una hadithi yake: vifaa vya kuutengeneza havikuwepo, na inasimuliwa kwamba mtunzi wa muziki, Naushad, alimpeleka mwimbaji akaimbe bafuni mwa studio.

Mwisho ndipo filamu inapoachana zaidi na tamthilia. Kwa Taj, Anarkali anazikwa ukutani akiwa hai. Kwa Asif, mama yake Anarkali anamkumbusha Akbar ahadi aliyompa siku alipomletea habari za kuzaliwa kwa Salim, na mfalme anamtoa Anarkali kwa njia ya chini kwa chini, kwa sharti kwamba Salim asijue kamwe. Wapo wanaoona hii ni huruma ya bei rahisi. Mimi naona inamwumiza Akbar zaidi: amelinda neno lake na sheria yake, na mwanawe ataendelea kumwona muuaji.

Kuhusu nakala ya kutazama, tafuta ya 1960 kwanza. Sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe, na rangi inaingia pamoja na ngoma ya vioo. Asif alipoiona rangi alitaka filamu yote ipigwe upya, wasambazaji wakakataa. Toleo la 2004 limetiwa rangi mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mshtuko ule haupo, na limepunguzwa pia. Nakala kamili ina dakika 197. Angalia vilevile kama tafsiri ya maandishi inafasiri nyimbo, maana nakala nyingine huziruka, na hoja nzito kuliko zote imo wimboni: asiyejificha mbele ya Mungu hana sababu ya kujificha mbele ya waja wake.