Kisu kidogo cha kwenda na panga

Mtu akiniuliza anunue kisu gani cha kwendea visiwa vya Ziwa Victoria, mimi humuuliza kwanza panga lake likoje. Kwetu Kanda ya Ziwa suala la kisu kikubwa lilishamalizika zamani. Panga lipo karibu kila nyumba: linafyeka, linapasua kuni, linachonga vigingi vya hema, na ukiligeuza ubavu linavipigilia. Kwa hiyo kisu kidogo kichaguliwe kwa kuangalia zile kazi ambazo panga linashindwa. Kikija kurudia kazi za panga, umebeba mzigo tu.

Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wanaishia kununua vile visu vya kikomando. Bapa nene, meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kifuniko cha mpini, na ndani ya mpini uwazi wa kuwekea ndoano na kiberiti. Vinapendeza machoni. Lakini chukua rula upime mgongo wake: utakuta milimita 5. Panga langu la kukatia magogo halifiki milimita 3. Sasa kisu kidogo kinene kuliko panga kitamenya nini? Jaribu kukikatia kiazi kitamu uone, kiazi kinapasuka kabla makali hayajafika katikati. Na ule mpini wenye uwazi maana yake ni kwamba chuma cha bapa kimeishia mlangoni, hakikuingia ndani ya mpini. Ukikilazimisha kidogo, hapo hapo ndipo kinapoachia.

Kazi kubwa ya kisu kidogo huku ni samaki. Mimi na mjomba wangu tunatokea Kayenze na mtumbwi, tunavua kwa ndoano, tukipata sato tunashuka kwenye kisiwa chochote kilicho karibu tunapika. Sato akishalazwa juu ya jiwe, unamparua magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, tena kwa mgongo wa kisu, makali unayatunza. Halafu unaingiza ncha kwenye tundu la haja, makali yakitazama juu, unapandisha taratibu mpaka kooni. Ncha isizame kupita unene wa ile nyama ya tumbo. Ikizama inatoboa nyongo, kile kijifuko cha kijani kilichojibanza kwenye ini, na samaki mzima anakuwa mchungu. Kwa hiyo unahitaji ncha nyembamba ambayo mkono wako unajua ilipo bila wewe kuiona, na bapa fupi kiasi kwamba kidole cha shahada kinaweza kulala mgongoni mwake karibu na ncha. Mimi nasema sentimita 8 mpaka 10, unene milimita 2 au 2 na nusu. Zaidi ya hapo unaanza kulirudia panga.

Ukitaka kuona ninachokisema, nenda soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, uangalie mikono ya wanaoparua samaki. Kuna mama mmoja niliwahi kumwomba anionyeshe kisu chake.

"Shikamoo mama. Naomba nikitazame."

"Marahaba mwanangu. Shika, lakini usiguse makali."

Bapa lilikuwa limenolewa miaka hata limebaki jembamba kama jani la muwa, upana wake haufiki wa kidole gumba. Mpini wa mti, umezungushiwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili usiteleze. Hakuna urembo wowote. Sangara wa kilo kadhaa alikuwa anafunguka mbele yake bila yeye hata kukaza bega.

Ule mpira wa tyubu una maana kubwa. Ute wa samaki unateleza kuliko sabuni, na kisu kisicho na nundu au kizuizi kati ya mpini na bapa kitakuteleza mkononi mpaka vidole viingie kwenye makali. Ukiwa kisiwani na zahanati iko ng'ambo, jeraha la kiganja si jambo dogo. Kisu kisicho na kizuizi mimi sikinunui hata kiwe kizuri namna gani.

Cha kwangu ni Morakniv ya Sweden, ile Companion. Bapa lina sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2.5, mpini wa plastiki wenye mpira, na rangi yake ni kali, kikianguka kwenye majani unakiona. Inapatikana ya chuma cha kaboni na ya chuma kisichoshika kutu. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi inayokula chuma kama kule Tanga, hivyo kaboni inawezekana kabisa. Ila kaboni ukikatia ndimu inaweka weusi, na ukikirudisha kwenye ala kikiwa na maji, asubuhi unakuta madoa ya kutu. Mimi nikichoka jioni sitaki kuanza kufuta na kupaka mafuta. Nilichukua kisichoshika kutu.

Mjomba hakubaliani. Yeye anacho cha mhunzi, kimefuliwa kwa springi ya gari, na anasema, "Mpwa wangu, changu nikikigusisha jiwe mara mbili tatu kimerudi." Kwa hilo yuko sahihi, chuma chake kinanoleka upesi. Kikiwa chembamba ni kisu kizuri sana, na mwenye hela ndogo asione shida kukiagiza. Amwambie mhunzi wazi kwamba anataka kisu cha samaki, maana ukinyamaza utafuliwa panga dogo.

Vya kukunja siviwezi. Opinel ya Ufaransa nimeishika, inakata vizuri mno na pete yake ya kufungia bapa ni ya akili. Lakini mpini ni wa mti, ukilowa unavimba, bapa linagoma kutoka. Magamba na mchanga navyo vinaingia kwenye kiungo. Ya kulia maembe nyumbani, sawa.

Ukienda kisiwa cha Saanane panga liache nyumbani, ile ni hifadhi ya taifa, hakuna ruhusa ya kukata mti.

La mwisho ni kunoa, na hapa watu wanaharibu visu vizuri. Panga linatosheka na tupa. Kisu kidogo ukikipitishia tupa unakwangua chuma chote kabla ya mwaka kwisha. Wala usikinolee kwenye miamba yetu ya Mwanza: ile ni matale yenye chembe kubwa kubwa, inaacha makali yenye mapengo. Nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, la kukwaruza na laini, ulitie maji, ulaze bapa karibu kabisa na jiwe, uvute pande zote sawasawa. Mimi nafanya hivyo usiku kabla ya safari, na la panga namwachia mjomba.