Nilivyofanya wale wa online wasipotelee huko

Naendesha mafunzo ya kazini, mengine online tupu na mengine mseto, yaani kuna washiriki wamekaa ukumbini na wengine wako kwenye skrini. Hayo ya mseto ndo yana kazi. Ukumbini watu wanataniana, wanaulizana pembeni, wa online anaona visogo vya watu na dari tu, nusu saa haijaisha ukimwita jina kimyaaa.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuwapa wa online zamu ya kwanza. Nikiuliza swali anaanza kujibu mtu wa online halafu ndo nageukia ukumbini, maana ukianza na ukumbi majibu yote mazuri yanaishia pale na wa online anabaki na "nakubaliana na mwenzangu aliyetangulia". Mwanzoni ukumbi ulinuna, mshiriki mmoja akaniambia mwalimu sisi tumeamka alfajiri kuja hapa halafu aliyejifunika shuka ndo anaulizwa kwanza? Tukacheka, ila utaratibu sikubadilisha, na ile ya kujua muda wowote naweza kuitwa iliwaamsha wengi.

Halafu chati. Nauliza swali, kila mtu anaandika jibu lake ila hatumi mpaka niseme "tuma", majibu yanamwagika yote kwa pamoja. Hapo hakuna wa kunakili kwa mwenzake, na wale wasiopenda kuongea ndo huwa wanaandika vitu vya maana hatari. Nasoma mawili matatu kwa sauti na jina la aliyeandika. Ila usijidanganye utafundisha na kufuatilia chati mwenyewe, mimi nina mwenzangu kazi yake ni hiyo tu na ana ruhusa ya kunikatisha hata katikati ya sentensi.

Sauti nayo, jamani. Laptopu mbili zikiwashwa maiki na spika kwenye chumba kimoja ni mwangwi na miluzi mpaka watu wanaziba masikio, kwa hiyo ukumbini inabaki moja tu yenye sauti, zingine zote zinazimwa maiki na spika. Anayeongea anapewa maiki mkononi, na kama haijamfikia narudia swali lake kabla ya kujibu, maana wa online hajasikia kitu.

Kwenye vikundi vidogo naweka watu watatu au wanne, wakizidi hapo mmoja anaongea na wengine wanapumzika. Wa online nawaweka peke yao na wa ukumbini peke yao, kuwachanganya bila kila mtu kuwa na earphone ni vurugu. Kabla hawajaingia nawaambia wapige picha slaidi yenye swali, maana wakishaingia huko wanaanza kuulizana "eti tuliambiwa tufanye nini?", na warudi na sentensi moja iliyoandikwa, siyo maelezo.

Kamera silazimishi. Kuna wenye bando la kuhesabu, na hata mwenye bando anachoka, Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 sababu nne za uchovu wa mikutano ya video: kutazamwa kwa karibu muda wote, kujiona mwenyewe, kukaa bila kusogea, na akili kufanya kazi ya ziada kusoma ishara za watu. Naomba kamera wakati wa kusalimiana na kwenye vikundi basi, na nawaonyesha namna ya kuficha picha yao wenyewe. Kujua yupo au hayupo naangalia anachoandika, maana mtu anaweza kukukodolea macho huku anajibu meseji zake.

Michezo ya maswali yenye muziki na pointi nimeipunguza sana, watu wanachangamka kweli ila ukiwauliza baadaye wamejifunza nini wanakumbuka nani alishinda. Kura za haraka naziacha pale tu ambapo majibu yao yatabadilisha ninachofundisha kinachofuata.

Kinachosumbua mpaka leo ni mapumziko, mtu anaenda chai harudi. Siku hizi kabla hatujatoka namtaja mmoja wa online kwamba tukirudi yeye ndo atawaeleza wa ukumbini tulipoishia, na mwingine wa akiba kama mtandao wake ukikata. Hao wawili wanarudi mapema, na mara nyingi nawakuta wameshaanza kupiga stori na ukumbi hata kabla sijashika maiki.