Paneli Ilisema Taa Inawaka, Mvuvi Akasema Haionekani

Meli niliyofanya kazi kama fundi umeme ilikuwa ya shehena, ikipita Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mtwara, na mara mojamoja Moroni, Komoro. Haikuwa meli kubwa, lakini ilizidi mita 50, na meli ya urefu huo haina msamaha kwenye taa. Milingoti yake lazima iwe na taa mbili nyeupe, ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele, zionekane umbali wa maili 6 za bahari. Nyekundu ya ubavu wa kushoto, kijani ya ubavu wa kulia na nyeupe ya tezi, yaani nyuma ya meli, kila moja ionekane maili 3. Ndivyo zinavyosema Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, na kuanzia jua kuzama mpaka kuchomoza taa hizo haziruhusiwi kuzimwa meli ikiwa safarini.

Paneli ya taa kwenye briji, chumba cha kuongozea meli, haikuwa na kasoro yoyote. Kila taa ina kiashiria chake, na globu ikiungua buza inalia. Kwa miezi buza ilikuwa kimya. Aliyenishtua ni mzee mmoja mvuvi wa Mkoani, Pemba, ambaye mashua yake huvua kwenye mkondo tunaoupita. Tulikutana gatini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema alilonalo: "Mwanangu, meli yenu ikija usiku zile nyeupe naziona, nyekundu naiona. Ya kijani siioni mpaka mkishanifikia. Sasa mimi nitajuaje mnapita wapi?"

Mzee yule hana rada. Ana macho na rangi tatu. Akiona nyekundu peke yake, anajua ubavu wetu wa kushoto ndio unaomtazama. Akiona kijani, ni ubavu wa kulia. Akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, na zile nyeupe mbili zimesimama moja juu ya nyingine, meli inamjia yeye, na hapo ni kuvuta nyavu haraka. Kijani ikififia, kinachobaki machoni mwake ni weupe usio na upande. Tena usiku wa giza, ambao ndio usiku wa dagaa, bahari imejaa taa nyeupe za wavuvi. Nyeupe mbili zaidi zinapotelea humo humo.

Kabla ya kuondoka Mkoani nilifungua taa ile nikapima umeme kwenye kishikio cha globu. Volti 24 kamili. Mafundi wengi wangeishia hapo, kwa kuwa kipimo kimekubali. Lakini volti zinazopimwa globu ikiwa nje hazisemi kitu, kwani waya usiobeba mzigo huonyesha volti zote hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba. Nikarudisha globu, nikawasha, nikapima tena ikiwa inawaka. Volti 21, na kila nilipoutikisa waya zilishuka zaidi.

Volti tatu zinaonekana kidogo. Kwa globu ya uzi, ile yenye uzi unaowaka ndani, si kidogo hata kidogo. Mwanga wake hauanguki sambamba na volti, unaanguka kwa kasi zaidi: ikipata 21 badala ya 24, zaidi ya theluthi ya mwanga imepotea. Ampea, kwa upande wake, hupungua kwa asilimia saba hivi tu. Relei ya paneli, swichi inayoliza buza, inasikiliza ampea. Kwa hiyo paneli ilikuwa inasema kweli kwa kile inachokijua, kwamba umeme unapita, na mzee naye alikuwa anasema kweli. Taa ilikuwa inawaka, ila haikuwa ikifanya kazi yake.

Kuutafuta ubovu ilikuwa kufuata waya hatua kwa hatua: kutoka paneli, kupita dari la briji, mpaka boksi la maungio chini ya bawa la kulia la briji. Upande huo ndio uliokuwa ukipokea rasharasha za upepo wa kusi tukirudi kutoka Mtwara. Glandi, kizibo cha tundu la kuingizia waya, ilikuwa imekauka na kupasuka, maji ya chumvi yameingia, na shaba imeota ule unga wa kijani ambao kila fundi wa meli anaujua. Nilikata waya wote ulioathirika. Kusugua ncha hakutoshi, maana chumvi hupanda ndani ya mpira wa waya mahali jicho halifiki. Nikavuta waya wa shaba iliyopakwa bati, nikaweka boksi jipya lenye tundu linalotazama chini, glandi mpya, grisi kwenye terminali, kisha nikapima kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme, nikiwa nimetoa kwanza kila kifaa ambacho volti 500 zingekiunguza. Taa ikapata volti 23 na nusu ikiwa inawaka.

Hapo ndipo nilipoona mambo mengine mawili. Kioo kilikuwa na vitone vya rangi, mabaki ya siku mabaharia walipopaka nyumba ya briji bila kukifunika. Na ubao wa kinga nyuma ya taa ulikuwa umepakwa nyeupe inayong'aa, wakati unatakiwa uwe mweusi usiong'aa, la sivyo mwanga unarudi na kumwagika upande usio wake. Kioo nilikiosha kwa maji baridi na sabuni laini. Tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, hukitia ukungu kioo cha plastiki, usiitumie kamwe. Serahangi, mkuu wa mabaharia, aliupaka ubao upya siku hiyo hiyo, na tangu hapo hakuna aliyeshika brashi karibu na taa bila kuzivisha mifuko.

Taa za mlingoti zilisubiri upepo utulie. Sipandi mlingoti kabla rada haijazimwa na kibao hakijatundikwa kwenye swichi yake, honi haijakatiwa umeme, na ofisa wa zamu hajaandika kwenye kibali kwamba kuna mtu juu. Honi ikipigwa sentimita chache kutoka sikioni inaweza kumwangusha mtu hata akiwa na mkanda. Na kila bisibisi ifungwe kamba.

Baadaye chifu, yaani mhandisi mkuu wa meli, alileta globu za LED kutoka duka la mjini, zinazoingia kwenye kishikio cha zamani. Alikuwa na nia njema, alichoka kununua globu za uzi. Nilizifunga gatini mbele yake, tukashuka tukaenda kuzitazama kwa mbali. Nyekundu ilionekana hafifu, kwa sababu LED nyeupe ile ilikuwa na wekundu kidogo mno wa kupenya kioo chekundu. Juu ya hayo, kioo kimechongwa kufuata globu yenye uzi mmoja uliosimama katikati. Ukiweka kishada cha vitaa, mpaka wa mwanga unavurugika, na taa ya ubavu inayopaswa kuishia digrii 112.5 kutoka omo, yaani mbele ya meli, inavuja kwingine. Buza nayo ikaanza kulia, kwa kuwa LED inakula umeme kidogo. Mtu mmoja akashauri tufunge rezista kuinyamazisha. Nilikataa kwa nguvu zote. Rezista ingekula ampea zake hata LED ikifa, na paneli ingesema "inawaka" milele.

"Chifu, LED nzuri zipo," nilimwambia, "lakini tununue taa nzima pamoja na paneli yake, yenye cheti." Azimio la Shirika la Kimataifa la Bahari, MSC.253(83) la mwaka 2007, linataka taa ya LED iwe na kengele mwanga wake ukishuka chini ya kiwango, au itumike ndani ya muda aliotaja mtengenezaji tu. Mara nyingi LED haiungui ghafla, inafifia taratibu huku kila mtu akiizoea. Chifu alikubali, ombi likaenda kwa wenye meli, na baada ya kusubiri sana zikaja.

Siku ya kuzijaribu, tukiwa nangani, Kapteni aliwaarifu bandari kwanza, maana kuwasha taa za mwendo meli ikiwa imetia nanga ni kuwapotosha wengine. Tukaizunguka meli kwa boti, redio mkononi. Mbele ya omo nyekundu na kijani zilionekana zote mbili, hatua kidogo kulia nyekundu ikakatika, kijani ikabaki safi mpaka nyuma ya ubavu, ikapokewa na nyeupe ya tezi bila pengo.

Niliposhuka meli ile, fundi aliyenipokea nilimkabidhi daftari lenye volti za kila taa zilizopimwa ikiwa inawaka, tarehe ya kufungwa kila LED na saa ilizotumika. Kisha nikampeleka chini ya bawa la kulia, nikamfungulia lile boksi alione ndani.