Zebaki Ilipokataa Kushika

Septemba 2011 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 1,900 kwa aunsi, na Chunya nzima ikapanda juu ya marundo ya marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Sisi tulikuwa wanne. Tulikwangua viroba 12 kando ya machimbo ya kale, kama kilo 600 hivi, tukavipeleka mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea dhahabu.

Asiyeijua Chunya atashangaa watu wazima wanagombea mchanga uliokwisha kuoshwa. Mji huu uko nyuma ya milima ya Mbeya, na tangu miaka ya 1920 umekuwa ukiishi kwa dhahabu ya eneo la Lupa. Walioanza waliokota iliyokuwa kwenye mchanga wa mito, na maji yalipokauka waliipepeta kwa upepo. Uingereza ilipoachana na mfumo wa kufunga thamani ya fedha yake kwenye dhahabu mwaka 1931, kisha Marekani ikapandisha bei kutoka dola 20.67 hadi 35 mwaka 1934, watu walimiminika. Mchanga ulipokonda wakaifuata mishipa ya mawe meupe chini ya ardhi, na mgodi wa Saza ukaanza kazi mwaka 1939. Lakini dola 35 zilibaki dola 35, huku mafuta, vyuma na mishahara vikipanda. Saza ilifungwa mwaka 1956. Kilichobaki ni marundo, na ndani yake chembe ndogo mno zilizofungwa kwenye jiwe, ambazo vinu vya wakati ule havikuzifungua. Bei ikipanda, marundo yanageuka mali tena.

Ndiyo maana marudio hayaoshwi hivi hivi, husagwa upya. Karasha ni pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, na likizunguka muda wa kutosha linatoa unga laini. La siku ile lilikuwa linavuja grisi kwenye beringi. Tuliiona, tena vizuri: utando wenye rangi za upinde wa mvua ulielea juu ya maji ya kusagia. Tukausogeza kwa kiganja, tukaendelea na kazi.

Tope tulilipitisha kwenye ubao uliolazwa mteremko na kutandikwa magunia. Kila baada ya viroba viwili tulikung'uta magunia ndani ya karai, kwa sababu nyuzi zikishajaa mchanga mweusi, dhahabu inateleza juu yake na kwenda na maji. Mwisho tulibaki na mchanga mzito wa kujaa sufuria moja. Tukatia zebaki, tukaanza kukanda.

Zebaki nzima hukimbilia pamoja. Ukiitenganisha kwa kidole inarudi, na ikishakula dhahabu inakuwa nzito kama siagi ya baridi. Ile yetu ilisambaratika. Baada ya dakika kumi karai lilijaa vipunje vya kijivu visivyong'aa, vidogo kuliko chumvi, kila kimoja kivyake. Ukivigusa vinakukwepa, ukivimwagia maji vinaelea na kuondoka.

Mzee mmoja aliyekuwa akiosha ubao wa pili alikuja, akachungulia.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Mmeilisha mafuta, wanangu. Ikishavaa mafuta haijuani tena."

Ndivyo ilivyo. Grisi huvisha kila tone ngozi nyembamba, matone hayaungani, na dhahabu nayo haishikwi. Alituambia tumwage maji polepole kwenye beseni la pili, tusiyapoteze, kisha tuoshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tusugue na majivu, ndipo tudondoshe zebaki safi kidogo iwakusanye wenzake. Kama nusu ilirudi. Nyingine ilishatangulia shimoni, yanakoishia maji na tope la mwalo, na dhahabu yake mgongoni.

Tulichokamua kwenye kitambaa kilikuwa kidonge cha ukubwa wa punje ya mahindi, na sehemu kubwa yake ilikuwa zebaki bado. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, joto ambalo mkaa unalipita bila taabu, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mtu anauvuta huku anapiga soga. Mzee alikuwa na chungu chake cha chuma chenye mfuniko, kilichounganishwa na kipande cha bomba la maji kinachotumbukia kwenye ndoo. Akatuazima. Zebaki ikarudi ndooni ikidondoka moja moja.

Mizani ilisoma gramu 0.6. Pointi sita, watu wanne, viroba 12.

Mwenye mwalo hakutudai hata senti ya kusagia. Makubaliano yalikuwa marudio yabaki kwake, na yeye ndiye aliyejua hesabu: njia hii ya ubao na zebaki mara nyingi haikamati hata asilimia 40 ya dhahabu iliyomo, sembuse siku ya grisi. Kabla mvua za Desemba hazijaanza, lori lilikuja likasomba shimo lote, zebaki yetu ikiwemo, kupeleka kwenye matenki ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu ambayo zebaki imeiacha.